Mtukutu Huyu Alinyimwa Nini?

Kuna mchezo ambao watoto wa Kenya na Tanzania wameucheza kizazi baada ya kizazi bila kuhitaji mpira wala kamba. Wanasimama duara, mmoja anakuwa kiongozi, naye anataja wanyama harakaharaka. Akitaja ng'ombe, wenzake wanaruka na kuitikia "nyama!" Akitaja mbuzi, wanaruka tena. Kuku, nyama. Kondoo, nyama. Mdundo ukishakolea na miguu ikishazoea kuruka, anachomeka fisi. Hapo vicheko hulipuka, maana hakosekani mmoja ambaye miguu yake imeshaacha ardhi na mdomo wake umeshaitikia kabla akili haijamkumbusha kwamba fisi haliwi. Huyo anatoka.

Anayebaki duarani si yule anayewajua wanyama kuliko wenzake. Wote wanajua kwamba fisi haliwi. Anayebaki ni yule aliyewahi kujizuia.

Wanasayansi wa ubongo wana mchezo wao unaofanana sana na huo. Mholanzi Franciscus Donders alichapisha vipimo vya aina hiyo mwaka 1868, na siku hizi mchezo huo huchezwa kwenye kompyuta: alama zinapita kwenye kioo moja baada ya nyingine, mchezaji anabonyeza kitufe kila mara, isipokuwa inapotokea ile alama moja iliyokatazwa. Ni "nyama, nyama, fisi" ya maabara. Mchezo huo ulifika Bucharest, mji mkuu wa Romania, ukachezwa na watoto wa miaka minane ambao maisha yao yalikuwa yakifuatiliwa tangu walipokuwa hawajui kusema. Waliopangiwa kubaki kwenye makao ya watoto walipata taabu nao kuliko wenzao waliokua na wazazi. Na kabla mchezo huo haujawafikia, dalili za taabu yao zilikuwa zimekwisha kuonekana katika umeme wa bongo zao, uliopimwa walipokuwa wametulia tu, hawafanyi lolote.

Jambo hili linaihusu kila nyumba na kila darasa ambamo mtoto huitwa mtukutu, hasikii, ana kichwa kigumu, hakai kitako. Maneno hayo yote yanamhukumu mtoto. Ushahidi wa Bucharest unawageukia watu wazima na kuwauliza walimpa nini mtoto huyo alipokuwa na miezi sita, mwaka mmoja, miaka miwili.

Kwanza, huo ubongo unaosemwa umetulia. Mtu akiketi, akafumba macho, asiwaze lolote la maana, ndani ya fuvu kazi inaendelea. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akakaa na matokeo yake kwa miaka mitano kabla ya kuyachapisha mwaka 1929. Aliona kwamba mtu akifumba macho na kutulia, hujitokeza mawimbi makubwa yanayopiga karibu mara kumi kwa sekunde, na akiyafumbua mawimbi hayo hufifia. Ndiyo yanayoitwa alfa. Wenzake wengi walimpuuza kwa muda mrefu. Kifaa chake kimekuwa kipimo cha kawaida hospitalini, EEG, kinachotumika kila siku kuchunguza kifafa.

Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walieleza kwamba yapo maeneo ya ubongo ambayo huchangamka zaidi pale mtu anapokuwa hana kazi maalumu. Hesabu za nishati zinashangaza. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati yake. Mtu akipewa hesabu ngumu ya kufanya, matumizi hayo kwa kawaida hayapandi hata kwa asilimia 5. Sehemu kubwa ya chakula cha ubongo huliwa wakati mwenyewe anadhani amepumzika.

Dereva mzoefu wa daladala hahitaji kuingia barabarani ili kuijua gari yake. Anasikiliza injini ikinguruma stendi, kabla abiria hawajajaa, na anajua kama leo itampandisha mlima au la. Watafiti wamejaribu kufanya vivyo hivyo na ubongo. Lorena Gianotti, Daria Knoch na wenzao huko Uswisi waliripoti mwaka 2009 kwamba watu ambao sehemu ya mbele ya ubongo wao, upande wa kulia, ilikuwa na uchangamfu mdogo wakati wa mapumziko, ndio waliothubutu zaidi kucheza pata potea walipopewa mchezo wa kubahatisha. Si ajabu kwamba ni upande huo. Mwaka 2003 Adam Aron na wenzake wa Cambridge waliwachunguza wagonjwa walioumia eneo dogo lililo nyuma ya paji la uso, kulia, wakakuta kwamba kadiri jeraha lilivyokuwa kubwa ndivyo mgonjwa alivyochelewa kuuzuia mkono wake uliokwisha kuamriwa kubonyeza. Kwa mtu mzima mwenye afya, kujizuia huko huchukua takriban robo ya sekunde. Ni muda mfupi wa namna hiyo unaoamua kama mtoto wa duarani akisikia "fisi" ataruka au atajizuia.

Sasa Bucharest.

Mwaka 1966 Nicolae Ceaușescu alitoa Amri Namba 770 iliyopiga marufuku utoaji mimba kwa wanawake wengi wa Romania, kwa nia ya kuongeza watu. Watoto walizaliwa, lakini chakula na fedha za kuwalea hazikuongezeka, na serikali ikawaambia wazazi kwamba dola inaweza kuwalea vizuri zaidi. Utawala ulipoanguka Desemba 1989, zaidi ya watoto 100,000 walikutwa katika vituo vya serikali. Wengi wao hawakuwa yatima. Walikuwa na mama na baba, na kilichowapeleka kituoni ni ufukara.

Wageni walioingia katika vyumba vya watoto wachanga walikumbuka kitu kimoja kuliko vyote, nacho ni ukimya. Chumba chenye vitanda vingi vya watoto kilikuwa kimya. Mtoto mchanga hulia ili mtu aje. Akilia siku ya kwanza, ya pili, ya thelathini, na hakuna ajaye, anaacha. Mlezi mmoja aliweza kuwa na watoto zaidi ya kumi kwa zamu moja, na zamu ikibadilika anakuja mwingine. Watoto walilishwa na kubadilishwa nguo kwa ratiba, kama mzigo unaokaguliwa bandarini.

Ndipo watafiti watatu kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, wakishirikiana na Waromania, walipoanza kazi yao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walichukua watoto 136 wa vituoni, wenye umri wa kati ya miezi 6 na 31. Wakawapima wote. Kisha wakapiga kura: watoto 68 wakapelekwa katika familia za malezi ya kambo zilizotafutwa na kulipwa na mradi, 68 wakaendelea na utaratibu uliokuwepo. Kundi la tatu lilikuwa la watoto wa mjini humo waliokua kwao.

Kura hiyo inauma kuisoma, na ni haki iume. Lakini ieleweke kwamba malezi ya kambo karibu hayakuwepo Bucharest wakati huo. Bila mradi, wote 136 wangeendelea na utaratibu uliokuwepo. Na hakuna mtoto aliyezuiwa kuondoka pale ndugu zake au serikali walipompatia pengine pa kwenda. Bado, mtu mwenye watoto anaweza kusoma takwimu hizo usiku na asipate usingizi.

Kipimo kilikuwa rahisi. Mtoto alipakatwa, akavalishwa kofia laini yenye elektrodi, akawekewa kitu cha kumtuliza macho, mipira ya rangi inayozunguka, na mashine ikaandika umeme wa ubongo wake. Hakuulizwa swali. Hakupewa kazi. Watoto wa vituoni walikutwa na mawimbi mengi ya polepole na machache ya haraka kuliko watoto waliokua kwao. Kila mtoto mchanga huanza na mawimbi ya polepole, na kadiri anavyokua yale ya haraka huchukua nafasi. Kwa hiyo picha ya watoto wa vituoni ilikuwa ya ubongo uliochelewa, mithili ya mche uliopandwa kivulini.

Mwaka 2010 Katie McLaughlin na wenzake walichapisha kiungo kilichokuwa kikitafutwa. Walirudi kwenye vipimo vya mwanzo vya watoto hao wakavilinganisha na tabia zao walipofika miezi 54, yaani miaka minne na nusu. Watoto wa vituoni walikuwa na dalili nyingi zaidi za kutotulia na za papara: kukatiza maneno, kushindwa kusubiri zamu, kuruka kabla ya kuambiwa. Na ule uchelewaji wa mawimbi uliopimwa walipokuwa wadogo ulieleza sehemu ya tofauti hiyo. Mtoto anayepigiwa kelele leo kwa kushindwa kukaa kwenye foleni ya uji alikuwa na ubongo uliokwisha kuonyesha upungufu miaka miwili au mitatu kabla, akiwa amekaa kimya na kofia kichwani.

Kwa nini upweke uucheleweshe ubongo? Jibu lenye mantiki liko katika mambo ambayo kila bibi anayajua. Mtoto akitoa sauti, mtu anamwitikia. Akinyoosha mkono, anapokewa. Akilia, anabebwa mgongoni, anatikiswa, anaimbiwa, anapoa. Kabla hajajua kujituliza, hutulizwa. Na kwa kutulizwa mara elfu anaujua mwendo huo wa kutoka kwenye ghadhabu hadi utulivu, hadi unakuwa wake. Ubongo wa mtoto umejengwa kutegemea kupata hayo. Usipoyapata, hauna pengine pa kujifunzia.

Habari njema ya Bucharest ina kikomo cha tarehe. Ross Vanderwert na wenzake walipowapima tena watoto hao wakiwa na miaka minane, waliopelekwa katika familia kabla ya kufikisha miezi 24 walikuwa na mawimbi ya alfa yasiyotofautika na ya watoto waliokua kwao. Waliopelekwa baada ya hapo walifanana na waliopangiwa kubaki vituoni. Miezi 24. Katika ofisi nyingi huo ni muda ambao faili la mtoto linaweza kutoka meza moja kwenda nyingine na kurudi.

Na hata hivyo, familia hazikurudisha kila kitu. Malezi ya kambo yalipunguza hofu na huzuni kwa watoto wale, yakawasaidia kumpenda mtu na kumwamini. Dalili za kutotulia hazikupungua kwa kiwango hicho. Uwezo wa kujizuia unaonekana kuwa miongoni mwa vitu vinavyoharibika mapema na kurudi kwa shida, na hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba hapa kuzuia hasara kuna thamani kuliko kufidia.

Uwezo huo si wa kudharauliwa. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa maisha yao yote. Terrie Moffitt, Avshalom Caspi na wenzao walionyesha mwaka 2011 kwamba waliokuwa na uwezo mdogo wa kujidhibiti utotoni walifika miaka 32 wakiwa na afya mbovu zaidi, fedha kidogo zaidi na kesi nyingi zaidi mahakamani, hata baada ya kuzingatia akili zao darasani na hali ya kipato cha wazazi wao.

Matokeo kama hayo huwafanya watu wengi wakimbilie kusema: basi tuwafunze watoto subira, tuwakaze. Hapo ndipo pa kukumbuka peremende za Chuo Kikuu cha Stanford. Katika miaka ya 1960 na 1970 Walter Mischel aliwakalisha watoto wa chekechea ya chuo hicho mbele ya peremende moja, akawaahidi ya pili kama wangesubiri. Jaribio lilipata umaarufu mkubwa, likaeleweka vibaya pia, kana kwamba watoto wamezaliwa mafungu mawili, wenye subira na walafi. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia kwa watoto zaidi ya 900, wakaona kwamba uhusiano kati ya kusubiri na maendeleo ya baadaye ulipungua sana hali ya familia ilipoingizwa katika hesabu.

Kabla yao, mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake wa Rochester, Marekani, walikuwa wamefanya jambo dogo lenye maana kubwa. Kabla ya peremende, mtu mzima alimwahidi mtoto rangi nzuri zaidi za kuchorea. Kwa watoto wengine ahadi ilitimizwa. Kwa wengine mtu mzima alirudi mikono mitupu, akaomba radhi. Kisha ikaja peremende. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa walisubiri dakika 3. Walitoka jamii ileile, na umri wao ulikaribiana. Kilichobadilika ni kama neno la mkubwa lina uzito au halina. Mtoto wa pili hakuwa mlafi. Alikuwa amefanya hesabu sahihi.

Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki unatoka Kamerun, kwa wakulima wa kabila la Nso. Bettina Lamm, Heidi Keller na wenzao waliwapa watoto wa miaka minne jaribio hilohilo, badala ya peremende wakaweka andazi la huko liitwalo puff-puff. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Nso walisubiri hadi mwisho. Kwa watoto wa tabaka la kati wa Ujerumani, waliosubiri walikuwa asilimia 28. Wajerumani walijipinda, wakaimba, wakazunguka chumba, wakageuza migongo. Watoto wa Nso walikaa. Wengine walisinzia, andazi likiwa mbele yao.

Ukiyasoma hayo haraka utasema: si unaona, malezi ya ukali yanafanya kazi. Ni kweli kwamba mama wa Nso hutarajia utii na heshima mapema sana, na watoto wanajua nani mkubwa. Lakini mtoto huyo huyo, tangu kuzaliwa, huwa anabebwa, mwili kwa mwili, na anapita mikononi mwa dada, shangazi, bibi na jirani siku nzima. Anachojua kuhusu wakubwa ni kwamba wapo. Nidhamu inayomea juu ya udongo huo ni tofauti kabisa na kelele na fimbo zinazomwagwa juu ya mtoto ambaye hana wa kumkimbilia.

Tofauti hiyo imepimwa. Victoria Talwar, Stephanie Carlson na Kang Lee walichapisha mwaka 2011 utafiti wa shule mbili binafsi katika nchi moja ya Afrika Magharibi. Shule moja iliwachapa watoto, kuwapiga makofi na kuwafinya. Nyingine ilikemea na kumtenga mtoto kando kwa muda. Watoto walipewa michezo ya kusubiri na kujizuia. Katika chekechea, fimbo haikuonekana kuwaumiza kwa kipimo hicho. Walipofika darasa la kwanza, watoto wa shule isiyochapa walikuwa mbele waziwazi. Kilichoitwa nidhamu kiligeuka kuwa woga wa mwalimu aliye mbele ya macho, na ujuzi wa kujiongoza ukabaki nyuma.

Tanzania ina takwimu zake. Tobias Hecker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walizungumza na wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini humo, na mwaka 2014 wakaripoti kwamba asilimia 95 walikuwa wamewahi kuadhibiwa kwa kupigwa na mwalimu angalau mara moja. Waliopigwa zaidi walikuwa na ugomvi na utovu wa adabu zaidi. Utafiti wa namna hiyo hausemi kipi kilimtangulia mwenzake, fimbo au utukutu. Lakini kama fimbo ingekuwa dawa, darasa ambalo karibu kila mtoto ameionja lingekuwa limepona.

Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Kenya iliviondoa shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikaupigilia msumari ulinzi huo. Tanzania inapaswa kufuata. Sababu za haki za mtoto zinatosha, na sasa ipo na ya pili: viboko vinakwamisha kile ambacho mwalimu anadai kukijenga.

Kuna upande mwingine wa kuchukua tahadhari. Watu wakisikia kwamba mawimbi ya ubongo uliotulia yanaeleza tabia, wapo watakaotaka kuwauzia wazazi mashine ya kumpima mtoto na kumpa jina la ugonjwa kwa nusu saa. Marekani ilipita njia hiyo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi hiyo iliidhinisha kifaa cha EEG cha kumsaidia daktari kutambua tatizo la kutotulia na kukosa makini, kwa kulinganisha mawimbi ya polepole na ya haraka. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa mishipa ya fahamu cha Marekani kikatahadharisha kwamba kipimo hicho kisitumike badala ya uchunguzi wa kawaida. Na mwaka 2022 Scott Marek na wenzake, waliopitia picha za ubongo za watu takriban 50,000, walionyesha katika jarida la Nature kwamba uhusiano kati ya picha hizo na tabia huwa mdogo sana, kiasi kwamba unahitaji maelfu ya watu ili uaminike.

Maana yake ni kwamba mawimbi yanasema kweli kuhusu kundi, kuhusu watoto 68 dhidi ya watoto 68. Kuhusu mtoto mmoja aliye mbele ya mwalimu Jumatatu asubuhi, hayatoshi kutoa hukumu, na yeyote anayemwambia mzazi vinginevyo kwa ada anamdanganya. Nguvu ya Bucharest haiko kwenye mashine. Iko kwenye kura: kwa kuwa mafungu yale yaligawanywa kwa bahati tu, na tofauti ikajitokeza, kilicholeta tofauti ni familia.

Kwa hiyo fedha za nchi maskini zisiende kwenye kofia za elektrodi. Ziende kwenye mapaja ya watu.

Rwanda imeonyesha kwamba inawezekana. Hesabu ya mwaka 2012 ilikuta watoto zaidi ya 3,000 katika vituo 33, na mwaka uliofuata serikali, pamoja na UNICEF, ikaanzisha mpango wa Tubarerere Mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Watoto wengi wamerudishwa kwa ndugu au kupewa walezi, na walezi hao wanaitwa malaika walinzi, jina zuri lililopewa kazi ngumu. Kenya ilisitisha usajili wa vituo vipya vya watoto Novemba 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuyahamisha malezi kutoka vituoni kwenda kwenye familia na jamii. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inayatambua malezi ya kambo. Kinachopungua ni walezi, na maafisa wa ustawi wa jamii wa kutosha kuwatembelea.

Wanaoendesha makao ya watoto wengi wao wana moyo safi, na si wa kushambuliwa. Usiku wa manane mtoto akiokotwa kwenye jalala, wao ndio wanaofungua geti. Lakini kituo kizuri kuliko vyote bado kina zamu. Mlezi anakwenda likizo, anaacha kazi, anahamishwa. Mgeni wa kujitolea kutoka Ulaya anakuja kwa wiki tatu, anampenda mtoto kwa dhati, anapiga picha, anaondoka, na mtoto wa miezi kumi na minne anaachwa na mtu mwingine tena. Wafadhili wanaojenga bweni la nne wangefanya jambo kubwa zaidi kama fedha hizohizo zingemlipia mama mkubwa wa mtoto huyo kodi ya chumba cha ziada, kwa sababu katika vituo vya Afrika Mashariki, kama ilivyokuwa Romania, watoto wengi wana mzazi au ndugu aliye hai. Wengi wamefika pale kwa sababu ya umaskini.

Romania yenyewe ilichukua hatua. Sheria Namba 272 ya mwaka 2004 ilipiga marufuku kumweka kituoni mtoto wa chini ya miaka miwili, isipokuwa mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji huduma maalumu. Kwamba hata hapo walimwacha nyuma mtoto mwenye ulemavu, ambaye anahitaji paja la mtu kuliko mwingine yeyote, ni dosari ambayo nchi za Afrika Mashariki hazina haja ya kuiiga. Ziandike umri huo katika sheria zao, bila kumtenga mtoto yeyote.

Na msomaji ambaye watoto wake wameshakua, ambaye nyumbani kwake kuna chumba kitupu na sahani ya ziada, asisubiri sheria. Tanzania, maombi ya malezi ya kambo hupokewa na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kenya, mlango ni ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Aende akaulize kama kuna mtoto ambaye hajafikisha miezi 24.